Hita ya maji moto kwenye boti ya zamani ya matanga: namna ya kuipiga baipasi na kuweka mpya

Hita ya boti ikianza kuvuja watu wengi wanakimbilia kuagiza mpya siku hiyohiyo, afu mzigo ukifika ndo wanagundua haipiti kwenye mlango wa kabati, matundu yake yapo upande wa ukutani, au imekuja ya volti ambazo boti haina. Mi ushauri wangu ni huu: piga baipasi kwanza, yaani unganisha mipira na paipu zipite bila kuingia kwenye hita. Ni kazi ya asubuhi moja kwa mtu anayejua kushika spana, inagharimu vifaa vya kuunganishia vichache tu, na ukishamaliza injini inafanya kazi, bomba zinatoa maji, umeme uko salama, unakosa maji moto tu. Hapo sasa una muda wa kupima vizuri na kuchagua hita inayofaa bila presha ya maji kujaa kwenye ngama (chini kabisa ya boti, panapokusanyika maji) kila siku.

Mifumo mitatu kwenye tangi moja

Hita ya nyumbani ina maji na umeme, basi. Ya boti ina cha tatu ambacho ndo kinawachanganya watu. Kuna maji ya matumizi yanayosukumwa na pampu ya volti 12, yanaingia baridi chini na kutoka moto juu. Kuna elementi ya umeme inayofanya kazi ukiwa umechomeka waya wa gatini au umewasha jenereta. Na kuna koili, yaani paipu iliyojikunja ndani ya tangi, inayopitisha maji ya injini yakiwa na nyuzi 80 hivi, ndo maana ukitembea na injini kidogo unaoga maji moto bure.

Kumbuka kuna injini zinazopozwa na maji ya bahari moja kwa moja, hazina kulanti (maji yenye dawa ya kupozea injini) kabisa. Hizi huwa zinapangwa zisichemke sana, nyuzi 50 mpaka 60 hivi, ili chumvi isigande ndani. Kwenye boti ya namna hiyo koili inapitisha maji ya chumvi, na utaratibu wa kuifungua unabadilika kidogo, nitagusia mbele.

Jua kwanza ni nini kimekufa

Hapa usiwe na haraka maana kuna hita nyingi zinatupwa wakati ugonjwa ulikuwa vali ya bei ndogo.

Anza na maji kwenye ngama. Maji yakipashwa kutoka nyuzi 20 mpaka 80 yanatanuka karibu asilimia 2.7, kwa tangi la lita 22 hiyo ni zaidi ya nusu lita. Sasa kwenye mlango wa maji baridi kuna vali ya njia moja, kwa hiyo yale maji ya ziada hayawezi kurudi nyuma, yanatafuta pa kutokea na pa kutokea ni vali ya usalama. Yaani hita inayodondosha maji kidogo kwenye vali ya usalama wakati inapasha ni nzima kabisa! Dawa yake ni kuweka tangi dogo la kutanukia kwenye laini ya maji moto, sio kununua hita. Ila kama inadondosha hata ikiwa baridi, hapo inawezekana chumvichumvi imekaa kwenye kiti cha vali, inua ule mkono wake mara mbili tatu maji yapite kwa nguvu, ikikataa badilisha vali peke yake na weka ya presha ileile iliyoandikwa kwenye ya zamani. Kitu kimoja usifanye hata kama umechoka vipi: usiizibe. Tangi lililozibwa na elementi ikang'ang'ania ni bomu, tena liko chini ya kitanda cha mtu.

Kama vali ni kavu ila chini ya hita kuna maji, angalia michirizi ya kutu au unga mweupe kwenye maungio na kwenye weldingi. Kuna mtego hapa: kati ya tangi la ndani na bati la nje kuna foromu ya kutunza joto, na foromu ikishalowa inaendelea kudondosha siku kadhaa baada ya uvujaji kuisha, na maji yanatokea kwenye tundu la chini kabisa ambalo liko mbali na pale yalipoanzia. Kausha kila kitu kwa kitambaa, funga karatasi ya chooni kwenye kila kiungio, washa pampu, karatasi ya kwanza kulowa ndo mchawi wako.

Koili iliyotoboka ina dalili za ajabu kidogo. Pampu ya maji ya boti inasukuma mpaka karibu bar 2.8, mfumo wa kulanti unashikilia kama bar 0.9 tu kwa mfuniko wa kawaida, kwa hiyo pampu ikiwa imewashwa maji ya matumizi ndo yanaingia kwenye injini, utaona chupa ya kulanti inajaa yenyewe na kumwagika na mtu anabaki anashangaa mbona sijaongeza kitu. Ukizima pampu na kufungua bomba, presha inageuka na kulanti inaingia kwenye maji ya kuoga na kuoshea vyombo. Usionje! Kulanti ya kawaida ina ethylene glycol, ni tamu na ni sumu, watoto na mbwa wanaipenda ndo ubaya wake. Chota maji moto kwenye chupa isiyo na rangi, weka mbele ya karatasi, tazama rangi. Kulanti nyingi pia zinang'aa ukizimulika kwa tochi ya zile taa za kukagulia noti. Kwenye injini ya maji ya bahari ni rahisi zaidi, bomba la moto litakuwa na chumvi.

Umeme nao una dalili zake. Breka inaruka ukiwasha hita tu, hasa ile ya kugundua uvujaji wa mkondo, basi elementi imepasuka ganda na maji yamegusa waya wa ndani. Zima kila kitu, toa nyaya za elementi, pima omu. Hesabu ni volti mara volti gawa kwa wati: elementi ya volti 120 na wati 1500 inatakiwa isome 9.6, ya volti 230 na wati 1200 isome 44, ya wati 750 isome 70 hivi. Ikisoma haina mwisho imekatika. Afu pima kati ya ncha ya elementi na mwili wa tangi, hapo isome haina mwisho, ikisoma omu zozote elementi imekufa. Elementi inabadilishwa peke yake, kwa hiyo kama tangi ni zima umeokoa hela.

Vya kukusanya kabla hujafungua kitu

Kiungio cha brasi cha mipira ya injini (mipira mingi ya hita ni milimita 16, mingine 13, pima wako usikisie), kipande cha mpira mpya wa hita ya injini usio wa bustani, klipu za stenlesi za kutosha, kiungio cha maji ya matumizi kinacholingana na paipu zako, vifuniko viwili vya kuzibia, kulanti ya aina ileile iliyopo, ndoo mbili, matambara, kisu kikali, bisibisi, spana mbili maana moja inashika na nyingine inazungusha, mita ya umeme, tepu ya thredi, tepu ya kuandikia majina na kalamu. Piga picha kila upande kabla ya kugusa. Boti za zamani zimepita mikononi mwa watu wengi na kila mmoja kaacha ubunifu wake, kwa hiyo usiamini rangi ya paipu, fuata kwa mkono mpaka mwisho.

Baipasi, hatua kwa hatua

*Umeme.* Huu ndo wa kwanza siku zote. Zima breka ya hita, afu chomoa waya wa gatini kabisa kwenye boti, zima jenereta na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa gatini), mtu asije akawasha wakati umeingiza kichwa kabatini. Fungua kifuniko cha hita, pima kwa mita kwamba hakuna umeme kati ya laivu na nyutro, laivu na arthi, nyutro na arthi. Toa nyaya tatu, kila moja ifungwe kwenye konekta yake na zote zikae ndani ya boksi lenye mfuniko, zisiachwe zinaning'inia zimezungushiwa tepu nyeusi, ile tepu kwenye joto la chumba cha injini inaachia. Nenda kwenye paneli, bandika karatasi kwenye swichi: HITA IMETOLEWA USIWASHE. Sababu ya kuanza na umeme, ukiacha usalama wako, ni kwamba elementi ikiwashwa bila maji inaungua ndani ya dakika chache, na kama bado ulitaka kutumia hilo tangi umeshaliharibu.

*Injini.* Subiri ipoe, ipoe kweli, uweze kuweka kiganja kwenye mfuniko wa kulanti bila kutoa mkono. Fungua mfuniko taratibu ukiwa na kitambaa. Kama injini yako ni ya maji ya bahari, funga kwanza vali ya kuingizia maji kwenye mwili wa boti, maana ukichomoa mpira vali ikiwa wazi unaleta bahari ndani, na ning'iniza ufunguo wa injini kwenye hiyo vali ili asiwepo wa kuwasha kabla ya kuifungua tena.

Sasa una njia mbili. Ya kwanza ni kuchomoa mipira miwili kwenye hita na kuiunganisha na kile kiungio cha brasi, klipu kila upande. Ni haraka, ila unaacha mita kadhaa za mpira wa zamani unaozunguka boti bila kazi. Ya pili, ambayo mi naipenda zaidi, ni kwenda kwenye injini yenyewe pale mipira inapoanzia na kurudia, kuichomoa yote, na kuunganisha zile nipeli mbili (midomo ya chuma inayovishwa mpira) kwa kipande kimoja kifupi cha mpira mpya. Hapo umeondoa kila kitu kinachoweza kupasuka ukiwa baharini. Angalia tu kipande kisijikunje kikaziba, kisiguse mkanda wa alternata, na kisikae karibu na ekzosi.

Kuna wanaosema ziba tu pande zote mbili kwa plagi. Kwenye injini nyingine inawezekana, ila kuna injini ambazo ule mzunguko wa hita ndo unapitisha maji themostati (vali inayofunguka injini ikipata joto) ikiwa imefunga, ukiuziba kichwa cha injini kinapata joto lisilo sawa. Kama huna kitabu cha injini mkononi, unganisha, usizibe.

Mpira ukigoma kutoka usiuchokonoe na bisibisi, nipeli za zamani ni laini zinapinda au kupasuka. Pasua mpira kwa kisu kwa urefu, ukate sentimita mbili za mwisho, utatoka wenyewe kama ganda. Mpira mfupi ni rahisi kubadili kuliko nipeli ya injini. Kulanti inayotoka ikinge yote kwenye ndoo, isiende kwenye ngama, maana pampu ya ngama itaimwaga baharini.

Ukimaliza jaza kulanti, washa injini mfuniko ukiwa wazi, iache iungurume mpaka vipovu viishe, ongeza, funga. Angalia geji ya joto muda wote. Ikipoa angalia tena kiwango, karibu kila mara kinashuka kidogo.

*Maji ya matumizi.* Zima pampu, na kama boti imeunganishwa na mpira wa maji wa gatini funga huo pia. Fungua bomba la moto presha iishe. Kwenye hita tambua mlango wa baridi na wa moto, huwa kuna alama ya bluu na nyekundu, ila fuata paipu uhakikishe.

Unaweza kuziba yote mawili, bomba za moto zinakuwa kavu. Au uchukue paipu ya baridi iliyokuwa inaingia kwenye hita uiunganishe moja kwa moja na ile ya moto iliyokuwa inatoka, bomba zote zitoe maji baridi. Hii ya pili ni bora, shawa na bomba za kuchanganya zinafanya kazi bila kukohoa. Ukichagua kuziba, ziba pande zote mbili, maana kwenye bomba ya kuchanganya maji baridi yanaweza kupita ndani ya bomba yenyewe na kurudi kinyumenyume kwenye laini ya moto, mtu kafunga ya baridi tu kaacha ya moto wazi kabatini, akija kuwasha pampu anashangaa godoro limelowa.

Kuna kipimo kimoja cha bure, kifanye kabla hujachomoa paipu za maji ya matumizi. Ukiwa umeshachomoa mipira ya koili lakini maji ya matumizi bado yameunganishwa, washa pampu na uangalie zile nipeli za koili. Subiri yale yaliyobaki ndani yamalizike kudondoka. Yakiendelea kuja maji safi, koili imetoboka na tangi halina maisha. Yakikauka, koili ni nzima.

Na kama kulanti ilishaingia kwenye maji, laini yote ya moto isafishwe kwa kupitisha maji mengi mpaka chupa ya kipimo iwe haina rangi wala povu, mipira laini iliyolowa muda mrefu mi ningeibadilisha, na mpaka hapo maji ya kunywa yatoke chombo kingine.

Washa pampu, ijaze presha, inyamaze. Kaa kimya kama nusu saa bila mtu kufungua bomba. Ikiguruma yenyewe kuna mahali panavuja. Isipoguruma, umemaliza, unaweza kusafiri hivyo hata msimu mzima, chemsha maji ya kuoga jikoni au tumia mfuko mweusi wa shawa ya jua.

Kuchagua hita mpya

Sasa ndo uchukue futi. Pima sehemu inapokaa, ila pima zaidi njia ya kufika hapo: mlango wa kebini, kona ya ngazi, mdomo wa kabati. Boti nyingi za zamani hita iliwekwa kabla dari halijafunikwa, kwa hiyo iliingia mahali ambapo leo haitoki. Tengeneza boksi la kadibodi lenye vipimo vya hita unayoitaka, pamoja na nipeli na vali zinazojitokeza, ulipitishe njia nzima. Kadibodi likikwama na hita itakwama.

Matundu ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Kuna hita koili iko mbele pamoja na maji, nyingine koili iko nyuma. Ukichukua ambayo mpangilio wake unafanana na ya zamani kazi inapungua nusu. Thredi nazo ziangalie: hita za Marekani zinatumia NPT, za Ulaya BSP. Kwa nusu inchi na robo tatu inchi zote zina meno 14 kwa inchi ila pembe ya jino moja ni nyuzi 60 na nyingine 55, kwa hiyo zinaingiana mizunguko kadhaa, unafurahi, afu zinavuja milele hata uzungushe tepu kiasi gani. Nunua kiungio cha kubadilisha.

Volti ndo ya kufa mtu. Elementi ya volti 120 ukiiweka kwenye 230 inavuta karibu mara nne ya wati zake, ile ya 1500 inataka kwenda 5,500 na ushee. Angalia paneli ya boti, angalia na umeme wa sehemu unazotembelea.

Kwa ukubwa, lita 20 hadi 25 zinawatosha watu wawili watatu wanaooga kibaharia, yaani kwa maji kidogo. Usitamani tangi la lita 40 kama huna pa kuliweka, maji ni kilo moja kwa lita na uzito wote huo uko upande mmoja wa boti. Wati nazo zina hesabu: lita 22 kutoka nyuzi 20 mpaka 60 zinachukua dakika 41 kwa wati 1500, dakika 51 kwa 1200, na saa moja na dakika 22 kwa 750. Kama breka ya gatini ni ndogo, wati 750 itakufaa sana, unawasha unaenda kufanya mengine. Ila usiwe na ndoto ya kuipasha kwa betri kupitia inveta, wati 1500 kwenye volti 12 ni ampea 125 kabla hata ya hasara ya inveta, betri za kawaida utazimaliza.

Tangi la stenlesi ni jepesi na linadumu ila lina bei, la chuma lililopakwa kioo ndani mara nyingi lina fimbo ya anodi ya kubadilisha, inayoliwa na kutu badala ya tangi, ukisahau fimbo tangi linaoza. La alumini usilifungie brasi moja kwa moja, metali hizo mbili kwenye unyevu wa chumvi zinakulana na anayeliwa ni alumini.

Kuitoa ya zamani

Mwaga maji yote kwanza. Fungua vali ya chini, inua mkono wa vali ya usalama hewa iingie, la sivyo maji yanakataa kutoka. Lita 22 ni kilo 22 na tangi lenyewe kilo kumi na kitu, hutaki kubeba hiyo ukiwa umepinda mgongo kabatini.

Bolti zitakuwa zimeota kutu. Wekea mafuta ya kulegezea usiku, asubuhi jaribu, ikikataa kata kichwa. Tangi lisipotoka mlangoni, vua bati la nje na foromu, ukiwa na miwani na barakoa, mara nyingi unapunguza sentimita kadhaa kila upande na linapita. Likigoma bado, kata rafu au fremu ya mlango wa kabati ambayo utairudishia na skrubu. Ukuta wa kati unaobeba boti usiuguse, huo sio samani.

Pakiwa wazi safisha, angalia plaiwudi ya chini, ichokonoe na bisibisi. Miaka ya kudondokewa mara nyingi imeiozesha, ibadilishe sasa maana hutarudi tena huku kwa hiari yako.

Kuiweka mpya

Kimo kwanza: sehemu ya juu ya koili iwe chini ya mfuniko wa kulanti wa injini. Ikiwa juu yake, hewa inakusanyika kwenye koili na maji hayazunguki, hapo itabidi uongeze tangi dogo la kulanti lenye mfuniko juu ya hita, ndo mfuniko wa presha unahamia huko.

Funga nipeli, vali na elbo zote hita ikiwa mezani, sio ndani ya kabati. Tepu ya thredi mizunguko minne mitano kufuata upande unaokazia, acha jino la kwanza wazi ili vipande visiingie ndani. Tepu inakwenda kwenye thredi tu, nipeli ya kuchomeka mpira haihitaji. Unapokaza shika kitako cha tundu kwa spana ya pili, usipinde mdomo wa tangi.

Hita ifungwe kwa bolti zinazopita kwenye plaiwudi zikiwa na washa pana chini, skrubu za mbao pekee hazitoshi. Boti ikilala kwenye upepo mkali kilo 35 zinataka kuhama, na zikihama zinang'oa mipira yote. Piga na vipande vya mbao kuzunguka miguu.

Kwenye mlango wa baridi weka vali ya njia moja mshale ukielekea kwenye tangi (kama haijaja nayo), na tii yenye koki ya kumwagia maji sehemu ya chini utakayoifikia kwa mkono. Kwenye mlango wa moto weka vali ya kuchanganya yenye themostati. Hii wengine wanaiona anasa, mi naiona lazima: koili ya injini haijui kuzima kwenye nyuzi 60 kama elementi, ukitembea na injini siku nzima maji ya tangi yanakaribia nyuzi 80, na maji ya 60 tu yanaunguza ngozi kwa sekunde chache. Tena inakupa maji mengi zaidi maana unachanganya na baridi. Tangi la kutanukia liungwe kati ya hita na hiyo vali.

Vali ya usalama ipewe mpira wake unaostahimili joto, unaoteremka moja kwa moja bila koki wala mkunjo, uishie kwenye chupa au sehemu unayoiona. Ukiishia kwenye ngama utakuwa unawaza kila siku kama boti inavuja.

Mipira ya injini iwe mipya, ile ya hita za magari yenye nyuzi za kuimarisha inafaa, klipu mbili kila mwisho pale nipeli inaporuhusu. Ipitishe bila kilima katikati, kila kilima ni nyumba ya hewa. Ile plastiki yenye nyuzi inayopitisha maji baridi usiitumie upande wa moto, inalainika na kuchomoka.

Waya uwe wa nyuzi nyingi, ikiwezekana uliopakwa bati, sio ule mgumu wa waya mmoja wa nyumbani unaokatika kwa mtikisiko. Viwango vya boti vya ABYC E-11 na ISO 13297 vinafaa kufuatwa hapa. Ukubwa wa waya na breka viendane na ampea: wati 1500 kwa volti 120 ni ampea 12.5, wati 1200 kwa 230 ni ampea 5.2. Vile vifuniko vya kusokota waya vya nyumbani viache nyumbani. Arthi ifungwe kwenye mwili wa hita bila kuruka, na saketi ilindwe na ile breka ya kugundua uvujaji wa mkondo, inayokata kwa miliampea 30. Kama umeme sio fani yako lipia fundi hapa, boti iliyochomekwa gatini ikivujisha umeme inaweza kuua mtu anayeogelea pembeni.

Kuiwasha

Maji kwanza, umeme mwisho. Fungua bomba zote za moto, washa pampu, zitakohoa hewa weee mpaka zitulie. Ziache zitoke kidogo kuosha tangi, funga moja moja kuanzia iliyo karibu. Kagua kila kiungio kwa kidole kikavu.

Koili ijaze kabla ya kuunganisha: shika mpira mmoja juu, mimina kulanti kwa faneli mpaka itokee upande wa pili, ndo uchomeke. Washa injini, jaza, toa hewa kama mwanzo. Themostati ikifunguka shika mipira miwili ya hita, wa kuingia uwe moto, wa kurudi uwe vuguvugu afu taratibu upate moto. Mmoja ukiwa moto na mwingine baridi kabisa kwa muda mrefu, kuna hewa imekwama, legeza mpira kwenye sehemu ya juu kabisa injini ikiwa imezimwa na imepoa, hewa itoke.

Sasa toa ile karatasi kwenye paneli na washa breka. Baada ya saa moja maji yawe moto na chupa ya vali ya usalama iwe kavu au na matone tu. Safari ya kwanza na ya pili angalia kulanti injini ikiwa baridi na ukaze klipu tena, maana mpira mpya ukipata joto unakaa na klipu inabaki lusi kidogo. Kulanti ya zamani iliyoko kwenye ndoo ifunge kwenye dumu lenye mfuniko wa kubana, andika juu yake ni sumu, na upeleke panapopokelewa mafuta machafu ya injini.